Kufuma shali ya lesi yenye mawimbi ya pwani, kwa baridi ya Njombe

Ukisimama kwenye ufuko wa Bagamoyo wakati maji yanapoanza kupwa, utaona kwamba kila wimbi linapomaliza mbio zake juu ya mchanga huacha mstari mwembamba wa povu wenye umbo la upinde, na wimbi linalofuata, likiwa halina tena nguvu ya kufika pale pale, huacha upinde wake chini kidogo ya ule wa kwanza. Baada ya muda ufuko wote unakuwa umejaa pinde zilizopangana, na katika kila upinde kuna vipande vya simbi na kombe vilivyoachwa na maji. Mimi ni mzaliwa wa Njombe na niliiona bahari nikiwa mtu mzima. Kilichonishika siku ile kuliko ukubwa wa maji ni ile mistari ya povu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuifuma mara kadhaa kwa sindano bila kujua kwamba ilikuwa inaeleza kitu kilichopo.

Mtindo wenyewe umetoka mbali na pwani yetu. Ni wa visiwa vya Shetland, vilivyo kaskazini mwa Uskoti, ambako kwa vizazi vingi wanawake wamefuma shali za sufu kwa ajili ya kuuza na kwa ajili ya kujikinga na upepo wa bahari. Kisiwa cha Unst, kilicho kaskazini kabisa miongoni mwa visiwa hivyo vinavyokaliwa na watu, kilijulikana kwa shali nyembamba kiasi kwamba shali nzima iliweza kupitishwa ndani ya pete ya ndoa. Mtindo wa mawimbi wafumaji wa huko huuita Old Shale, jina ambalo huelezwa kuwa limetokana na jinsi wanavyotamka neno lao la kombe. Ni mtindo mwepesi kuliko unavyoonekana, kwa kuwa katika kila mistari minne ni mmoja tu unaohitaji hesabu.

Watu wengi huku kwetu hudhani kwamba nguo yenye matundu haiwezi kumkinga mtu na baridi, hasa miezi ya Juni na Julai, ambapo sakitu huweza kuonekana asubuhi kwenye majani katika mabonde ya Njombe na Makete. Hata hivyo, joto hutunzwa na hewa iliyotulia katikati ya nyuzi, na shali ya lesi iliyofumwa kwa sufu, ikikunjwa mara mbili na kuvaliwa juu ya sweta, hushika hewa nyingi kwa uzito mdogo sana. Shali tutakayofuma hapa itakuwa na upana wa sentimita 57 hivi na urefu wa sentimita 175, nayo haitazidi gramu 200. Upepo mkali utaipenya ikiwa imevaliwa peke yake mabegani, kwa hiyo siku ya upepo ivaliwe ndani ya koti.

Uzi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa la uzi halirekebishiki baadaye. Uzi mwingi wa kufumia unaouzwa katika maduka ya Njombe, ya Iringa na ya Mwanjelwa jijini Mbeya ni wa akriliki, yaani nyuzi zinazotengenezwa kiwandani kutokana na kemikali za mafuta ya petroli. Uzi huo ni imara, bei yake ni nafuu, na masweta mengi ya shule ya watoto wetu yamefumwa kwa huo huo. Lakini una tabia moja inayopingana na lesi, nayo ni kwamba ukiuloanisha na kuutandaza kwa kuuvuta, hurudi ulivyokuwa mara tu unapoachiwa. Sufu ya kondoo hufanya kinyume cha hivyo. Ikiloa hulegea na kukubali kuvutwa, na ikikauka ikiwa imevutwa hubaki katika umbo hilo mpaka itakapoloa tena. Lesi yote inategemea tabia hiyo, kwa maana matundu hayafunguki vizuri wakati wa kufuma. Hufunguka siku ya kutandaza.

Kwa hiyo tafuta uzi wa sufu tupu, au uliochanganywa ambao angalau nusu yake ni sufu. Soma karatasi iliyozungushwa kwenye donge la uzi, kwa sababu muuzaji huweza kuita kila uzi mnene na laini kuwa ni sufu, naye hana nia mbaya, bali ndivyo neno linavyotumika sokoni. Kama karatasi haipo, omba kipande kifupi ukakichome nje kwa kiberiti. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zinazoungua na huacha majivu yanayosagika kwa vidole, ilhali akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Usikiguse kidonge hicho kikiwa cha moto.

Unene unaofaa ni wa uzi ambao donge la gramu 50 lina urefu wa mita 200 hivi. Utahitaji madonge matano: mawili ya rangi ya mchanga, moja la bluu nzito, moja la samawati na moja jeupe. Madonge yote ya rangi moja yanunuliwe siku moja, na namba ya rangi iliyoandikwa kwenye karatasi zake iwe ile ile, kwa sababu rangi iliyotiwa kiwandani siku tofauti huonyesha mpaka hata kama dukani yalionekana kuwa sawa. Ukikosa sufu kabisa, akriliki nyembamba itakubali, na nitaeleza mbele namna ya kuitandaza. Pamba siipendekezi kwa nyanda zetu. Ni nzito na haina joto.

Sindano

Wengi wetu tulijifunza kufuma tukiwa watoto kwa spoki za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye jiwe. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, nao hautoshi kwa kazi hii, kwani vitanzi vitabanana na mawimbi hayatajitokeza. Unahitaji sindano za milimita 4.5. Zilizo bora ni zile mbili zilizounganishwa kwa waya laini, kwa sababu uzito wa shali hukaa mapajani badala ya kuning'inia kwenye vifundo vya mikono. Zikikosekana, sindano mbili ndefu za kawaida zinatosha.

Anayetaka kuchonga mwenyewe atumie mwanzi mkavu uliokomaa, ambao huku kwetu si wa kutafuta mbali. Kata vipande viwili vya sentimita 35 kutoka kwenye sehemu nene ya ukuta wa mwanzi, uvichonge kwa kisu kufuata nyuzi zake, kisha uvisugue kwa msasa mkali na baadaye kwa msasa laini. Ili sindano zote mbili ziwe na unene mmoja, mwombe fundi atoboe kwa keekee tundu la milimita 4.5 kwenye kipande cha bati, nawe uwe unapitisha kila sindano humo mpaka ipite bila kukwama na bila kucheza. Ncha iwe kali kiasi cha kuingia kwenye vitanzi viwili kwa pamoja, lakini isiwe ya kuchoma kidole. Mwisho paka nta kidogo na uifute kwa kitambaa. Sindano yenye mkwaruzo mmoja tu itakusumbua katika kila mstari, kwa hiyo usione uvivu kurudia msasa.

Zaidi ya hayo tafuta sindano ya mkono yenye tundu kubwa na ncha butu, mita kumi hivi za uzi mwembamba wa kushonea wa rangi inayoonekana, na vipande vya uzi wa rangi ya tofauti uvifunge kuwa vipete vidogo saba.

Maneno tutakayotumia

Kila mfumaji ana majina yake kwa mambo haya, kwa hiyo nitaeleza yangu. Uso ni upande wa shali utakaoonekana, na mgongo ni upande wa pili. Kitanzi cha uso hufumwa uzi ukiwa nyuma ya sindano, na sindano ya kulia ikiingia kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma. Kitanzi cha mgongo hufumwa uzi ukiwa mbele, na sindano ikiingia kutoka nyuma kuja mbele. Kuunga viwili ni kuingiza sindano kwenye vitanzi viwili kwa mara moja na kuvifuma kuwa kitanzi kimoja cha uso. Kuzungusha ni kuleta uzi mbele, kati ya sindano mbili, kisha kuupitisha juu ya sindano ya kulia kurudi nyuma kabla ya kufuma kitanzi kinachofuata. Mzungusho huo huzaa kitanzi kipya na chini yake huacha tundu.

Katika lesi, kila tundu linaongeza kitanzi kimoja, na kila muungo unapunguza kimoja. Vikilingana, upana haubadiliki. Ukisahau kimoja, shali itaanza kupanuka au kusinyaa kimya kimya, nawe hutagundua mpaka umekwenda mbali. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu kuliko ninavyosisitiza mkono mzuri. Mkono huja wenyewe kwa mazoezi.

Kipande cha majaribio

Anzisha vitanzi 42, ufume mawimbi manane kwa urefu, yaani mistari 32, kwa maelekezo yaliyo hapa chini, ukirudia sehemu ya katikati mara mbili tu badala ya mara sita. Funga vitanzi, loweka kipande hicho, kivute na ukibane kwa pini mpaka kikauke, kisha upime upana wa wimbi moja, yaani vitanzi 18. Likiwa na sentimita 9, endelea na shali. Likiwa chini ya 8, chukua sindano nene zaidi. Likiwa zaidi ya 10, chukua nyembamba. Wanaoruka hatua hii kwa kuhofia kupoteza uzi hupoteza mwingi zaidi baadaye, na kipande chenyewe hakipotei, kwa sababu unaweza kukifumua na uzi ukautumia mwishoni.

Kuanza

Kwa uzi wa bluu nzito anzisha vitanzi 114. Ukingo wa mwanzo lazima uwe mlegevu, maana ukikaza, mawimbi ya ncha yatashindwa kupinda. Njia rahisi ni kuanzisha vitanzi juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha kuchomoa moja kabla ya kufuma mstari wa kwanza.

Fuma mistari minne, yote kwa vitanzi vya uso pande zote mbili. Katika mstari wa nne weka vipete: kimoja baada ya vitanzi 3 vya kwanza, kisha kimoja baada ya kila vitanzi 18, mpaka vipete vyote saba viishe na vitanzi 3 vibaki mwishoni. Vitanzi hivyo vitatu vya kila upande ni pindo, navyo hufumwa kwa uso siku zote ili ukingo usijikunje. Kati ya pindo mbili kuna vyumba sita vya vitanzi 18, na kila chumba ni upana wa wimbi moja.

Urefu wa wimbi moja ni mistari minne, nayo hufumwa hivi:

Mstari wa 1, upande wa uso: fuma vitanzi vyote kwa uso.

Mstari wa 2, upande wa mgongo: vitanzi 3 kwa uso, vitanzi 108 kwa mgongo, vitanzi 3 kwa uso.

Mstari wa 3, upande wa uso: vitanzi 3 kwa uso, kisha katika kila chumba unga viwili mara 3, halafu zungusha na fuma kitanzi 1 kwa uso, ukifanya hivyo mara 6, halafu unga viwili mara 3 tena, rudia vyumba vyote sita, malizia kwa vitanzi 3 vya uso.

Mstari wa 4, upande wa mgongo: fuma vitanzi vyote kwa uso.

Rudia mistari hiyo minne mpaka mwisho wa shali. Ukitazama mstari wa 3 utaona kwamba miungo imerundikwa kwenye mipaka ya vyumba na matundu yamerundikwa katikati. Pale penye miungo kitambaa hubanwa, pale penye matundu hutanuka kama upepeo, na mstari ambao ungenyooka hulazimika kupinda. Mstari wa 4, kwa kufumwa kwa uso upande wa mgongo, huacha kwenye uso wa shali tuta jembamba linalofuata upinde huo. Mimi tuta hilo ndilo naliona kuwa povu, na ndiyo sababu siwashauri wafumaji kuugeuza mstari wa 4 kuwa wa mgongo kama wanavyofanya baadhi ya watu wanaotaka kitambaa laini; mawimbi yatabaki, lakini povu litakuwa limefutwa.

Katika mstari wa 4 utafuma pia juu ya mizungusho uliyoifanya. Kila mzungusho ni kitanzi kamili, ufumwe kwa mguu wake wa mbele kama vingine. Ukiushika kwa nyuma utausokota, na tundu litaziba.

Kuhesabu na kurekebisha

Kila unapomaliza mstari wa 3, hesabu vitanzi vya kila chumba. Lazima viwe 18. Chumba chenye 17 mara nyingi kimekosa mzungusho, hasa ule wa kwanza, unaofuata mara tu baada ya muungo wa tatu, kwa sababu mkono huwa bado uko kwenye mwendo wa kuunga. Kosa hilo likionekana mapema halihitaji kufumua. Ukiwa kwenye mstari wa 4, fika mahali tundu lilipokosekana, inua kwa sindano ya kushoto uzi uliolala kati ya vitanzi viwili, uufume kwa uso, na tundu litapatikana. Litakuwa dogo kuliko mengine, lakini kutandaza kutalisawazisha.

Kwa makosa makubwa kuna uzi wa kinga. Kila baada ya mawimbi kumi, ukiwa umemaliza mstari wa 2, tunga ule uzi mwembamba kwenye sindano ya mkono na uupitishe ndani ya vitanzi vyote 114 vikiwa bado kwenye sindano ya kufumia, bila kuupitisha ndani ya vipete. Acha sentimita 20 za uzi kila upande, kisha endelea kufuma kama kwamba haupo. Lesi ikifumuliwa haishikiki kwa urahisi kama sweta, kwa kuwa vitanzi vilivyoungwa huachia viwili viwili na mizungusho hupotea kabisa. Lakini kwenye uzi wa kinga kila kitu husimama, nawe hurudisha sindano mahali pake na kuanza upya ukiwa na hesabu sahihi. Tangu nilipopoteza mistari sitini usiku mmoja umeme ulipokatika nikiwa katikati ya mstari, sijafuma lesi bila uzi huo.

Mpangilio wa rangi

Shali nzima ina mawimbi 110 kwa urefu. Anza kwa bluu nzito kwa mawimbi 12, ambayo ni maji ya kina kirefu. Fuata na samawati kwa mawimbi 12, halafu nyeupe kwa mawimbi 5. Kisha ingia kwenye rangi ya mchanga kwa mawimbi 52, na baada ya hapo urudi kwa mpangilio uliogeuzwa: nyeupe 5, samawati 12, bluu nzito 12. Shali ikivaliwa, mchanga hukaa mgongoni na bahari huteremka pande zote mbili za kifua.

Badilisha rangi mwanzoni mwa mstari wa 1 tu, kwa sababu mstari huo hauna matundu na mpaka wa rangi utapinda kwa utaratibu pamoja na wimbi. Acha mkia wa sentimita 15 wa kila uzi. Wanaoijua bahari watasema kwamba maji hayabadiliki rangi kwa mpaka mkali, nao wana haki; ukiwa na subira, badilishana rangi mbili wimbi kwa wimbi katika mawimbi manne ya mpakani, na bahari itaingia kwenye bahari bila kuonekana ilipoanzia. Mtu wa Kyela anaweza kuachana kabisa na rangi ya mchanga mweupe akatafuta ile ya kahawia ya ufuko wa Matema, ambako Ziwa Nyasa hupiga mawimbi chini ya milima ya Livingstone. Ziwa halipwi na kujaa kama bahari, ambayo wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, hushuka na kupanda mita 3 au zaidi, lakini mawimbi yake yanayoletwa na upepo huacha pinde zile zile.

Nimeombwa mara nyingi nishone simbi ndogo kwenye ncha za shali. Sipendi. Uzito wake huvuta matundu yakaharibika, kingo zake hukata uzi, na huko ufukweni kaa wadogo huzihitaji kwa makazi.

Kwa mkono wa kawaida shali hii huchukua saa 50 hivi, kwa kuwa ina vitanzi zaidi ya 50,000. Saa mbili kila jioni zitakufikisha mwisho kwa mwezi mmoja, ukihesabu na siku za kurekebisha. Usifume ukiwa umechoka. Mstari wa 3 uache mpaka asubuhi.

Kufunga

Baada ya wimbi la 110, fuma mistari minne yote kwa uso kama ulivyoanza, ukiondoa vipete, kisha funga kwa ulegevu. Unga vitanzi viwili vya kwanza, rudisha kitanzi kilichopatikana kwenye sindano ya kushoto, unga tena viwili, na uendelee hivyo hadi kibaki kimoja, ambacho utapitisha uzi ndani yake na kuukaza. Uvute ukingo kwa mikono baada ya vitanzi ishirini hivi: usipovutika kwa ulaini kama sehemu nyingine ya shali, fumua sehemu hiyo na ufunge kwa sindano nene zaidi.

Wafumaji wa Shetland huwa na desturi ya kufuma shali kama hii kwa nusu mbili, kila moja ikianzia kwenye ncha yake, kisha kuziunganisha katikati kwa sindano ya mkono ili mawimbi ya kila nusu yaelekee kwenye ncha yake. Matokeo yake ni mazuri, lakini kwa shali ya kwanza kiungo cha katikati ni kigumu kuliko shali yenyewe.

Kutandaza

Sasa utakuwa na kitu kilichokunjamana, kifupi, kinachofanana na tambara, na moyo utashuka. Binti mmoja niliyemfundisha aliniletea shali yake katika hali hiyo akiwa amekwisha kuchomoa uzi wa kufunga ili aifumue yote. "Shikamoo mama, nimeshindwa," aliniambia, kabla hata hajaketi. Hesabu yake ilikuwa sahihi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kilichokuwa kimebaki ni maji na pini. Tuliifunga tena jioni ile ile na asubuhi tukailoweka.

Loweka shali katika beseni la maji vuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuogea kwa dakika 20 au 30. Usiisugue na usiikamue kwa kusokota, kwa maana sufu ikisuguliwa katika maji hugandamana na matundu hayatafunguka tena. Itoe ikiwa imeshikwa kwa mikono yote miwili kama mtoto mchanga, isuuze katika maji yenye joto lile lile, ikunje ndani ya taulo kavu na uikanyage taulo taratibu mpaka maji yapungue.

Tandika nailoni juu ya godoro, na juu ya nailoni shuka safi. Kwenye kila ukingo mrefu wa shali pitisha mshipi wa kuvulia samaki kwa sindano ya mkono, ukiingia na kutoka kila baada ya mistari michache, na uache mshipi uwe mrefu kuliko shali kwa pande zote. Vuta mshipi unyooke, uubane kwa pini, kisha uvute wa upande wa pili mpaka upana ufikie sentimita 57, ukipima kwa rula ya mbao sehemu nyingi na si ncha peke yake. Halafu nenda kwenye ncha mbili za shali. Kila ncha ina vilele vya mawimbi. Kila kilele kivutwe nje kwa kidole na kibanwe kwa pini yake, nayo miingilio iliyo kati yake iachwe huru, ijichore yenyewe. Hapa ndipo utakapoona bahari ikitokea mbele ya macho yako, tundu moja baada ya jingine, na kwa kweli ni sehemu ninayoingojea kuliko zote.

Pini ziwe zisizoshika kutu. Niliwahi kutumia pini za kawaida kwenye shali yenye ncha nyeupe, na alama za kahawia zilizobaki hazikutoka kwa sabuni yoyote.

Katika kiangazi cha Njombe na Iringa, kuanzia Juni hadi Septemba, shali hukauka kwa siku moja katika chumba kinachopitisha hewa. Tukuyu, ambako mvua ya mwaka huzidi milimita 2,000, panga siku mbili au tatu, na usijaribu kuiharakisha kwa jiko la mkaa, kwa sababu sufu hushika harufu ya moshi na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua. Ukidhani imekauka, iguse kwa shavu. Ikikuletea ubaridi, bado ina maji.

Shali ya akriliki hutandazwa kwa namna hiyo hiyo, lakini kabla ya kutoa pini lazima ipate mvuke. Funika sehemu moja kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, shika pasi yenye moto sentimita 2 juu yake bila kukigusa, uhesabu hadi tano, kisha sogea. Pasi ikigusa, uzi utayeyuka na kung'aa, na hakuna dawa ya hilo. Mvuke huo hulegeza uzi moja kwa moja, kwa hiyo upana uwe umepimwa sawasawa kabla.

Toa pini, chomoa mishipi na nyuzi za kinga, kisha ufiche mikia ya nyuzi kwa sindano ya mkono ndani ya pindo, kila mmoja kwenye eneo la rangi yake. Mikia haifichwi kabla ya kutandaza, kwa sababu kitambaa kikivutwa huvuta na mikia, nayo huacha mabonde. Ikate sentimita 1 kutoka kwenye kitambaa. Shali usiitundike kwenye kamba wala kwenye kiango, kwa kuwa uzito wake utarefusha matundu. Ikunje kwa ulegevu ikiwa kavu kabisa, na kila utakapoifua, itandaze tena kwa pini vile vile, kwani sufu iliyoloa husahau mawimbi yake yote.